Sahani Hairudi Tupu: Krismasi Katika Nyumba za Waislamu wa Shimanzi

Kaskazi ikishaanza kuvuma, na jua la Desemba likaanza kuchoma mabati ya maghala ya Shimanzi, hapo ndipo swali la kila mwaka hurudi mabarazani: Muislamu afanyeje siku ya Krismasi? Mmoja husema ajifungie ndani mpaka siku ipite. Mwingine husema hakuna neno, atundike taa za rangi dirishani na ashangilie pamoja na wenzake. Na wengi, ambao hawasemi kitu, hungoja mtoto wa jirani abishe hodi na sahani iliyofunikwa kitambaa, ndipo waanze kutazamana machoni.

Makala haya nawaandikia hao wa tatu, kwani hao wa kwanza na wa pili wamekwisha kata shauri.

Ndugu msomaji, Shimanzi si Mji wa Kale. Kule, upande wa mashariki wa kisiwa, nyumba ina baraza lake, mtaa una ukoo wake, na mtu huweza kupitisha Krismasi nzima asiione isipokuwa kwa kusikia kengele za kanisa kutoka mbali. Huku kwetu, upande wa Kilindini, watu walikusanywa na kazi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na baadaye gati za maji makuu zilipofunguliwa, walikuja Wataita na Wakamba, wakaja Wajaluo na Waluhya, wakakutana na Wadigo, Wagiriama, Waswahili na Wahadhrami. Wote walitafuta mkate mmoja. Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa zaidi ya elfu kumi walipoacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili wakidai mshahara wa kumtosha mtu kuishi, hakuna aliyeulizwa anaswali wapi. Mtu wa Shimanzi basi hana khiyari ya kutokuwa na jirani Mkristo. Ukuta wao ni mmoja, na harufu ya vitunguu vya pilau ya Krismasi huingia kwake bila ya hodi.

Nami nasema kwamba Desemba ni mwezi wa wageni Mombasa tangu zamani, kabla ya reli na kabla ya mapipa ya mafuta. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakiwa yamesheheni tende, mazulia na samaki wa chumvi, na mabaharia wakikaa hapa miezi mpaka kusi iwarudishe kwao. Wenyeji waliwapokea, wakawapa maji, wakawauzia, wakawaoza. Mji huu umejengwa juu ya kumpokea mtu usiyemjua nasaba yake. Hata mmishenari Krapf alipofika hapa mwaka 1844, alikuja na barua ya Sayyid Said ya kumtambulisha, na wakuu wa mji wakampokea hali wanajua fika kwamba dini yake si yao. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo, na makaburi yao yako ng'ambo ya bara mpaka leo. Hakuna aliyedhani kuwa kumpokea mgeni ni kubadili kibla.

Masheikh wetu wamehitilafiana juu ya kumtakia Mkristo heri ya sikukuu yake, na hitilafu hiyo sitaitatua mimi katika ukurasa wa gazeti. Mwenye sheikh wake na amuulize sheikh wake. Lakini haki ya jirani ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) ameusiwa na Jibrili juu ya jirani mpaka akadhani kwamba atafanywa mrithi. Na yule sahaba Abdallah bin Amr, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, neno lake la mwanzo lilikuwa kuuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa fungu lake, na hoja yake ilikuwa ni hadithi hiyo hiyo ya Jibrili. Tena Surat Al-Mumtahana, aya ya 8, inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Basi mwenye kujifungia ndani atafute hoja nyingine, asimsingizie Mtume wake.

Na huyu mwenye taa za rangi naye ana la kujibu. Jirani yako Mkristo hakuombi uamini aaminivyo yeye. Ukipamba mti nyumbani mwako ili uonekane wewe ni mtu wa kisasa, humheshimu. Unacheza na kitu ambacho kwake ni ibada. Anayekuja kwako siku hiyo anataka kukukuta wewe ulivyo: kofia yako, jamvi lako, udi wako na kahawa yako chungu.

Sasa tuje kwenye hiyo sahani, kwani huko ndiko kwenye mashaka. Pilau imekuja, na nyama imo ndani. Je, ilichinjwa na nani? Surat Al-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, lakini mazoea ya watu wa pwani ni kutaka mchinjaji Muislamu, na Wakristo wa huku wanalijua hilo vizuri. Siku moja au mbili kabla ya Krismasi utawaona wakibisha mlangoni kwa mzee:

"Shikamoo, mzee. Kesho asubuhi nakuomba unichinjie mbuzi wangu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini sikukuu si yenu?"

"Ni yetu, mzee, ila na ninyi mtakula."

Maneno hayo, "na ninyi mtakula", naomba yapimwe vizuri. Huyu ni mtu aliyenunua mbuzi kwa pesa zake, kwa siku yake kubwa, naye anamkabidhi mtu wa dini nyingine kisu ili jirani asije akakaa na njaa ya shaka. Halafu sahani inaletwa, sisi tunaipokea kwa tabasamu, mlango ukifungwa tunampa paka! Wapo wafanyao hivyo, na watoto wao wanawaona. Kama una shaka, uliza kabla, mapema, kwa ulimi laini. Jirani hatakasirika kuulizwa nani amechinja. Atakasirika, na haki yake, akikuta pilau yake kwenye pipa la taka.

Wala usidhani kuwa jambo la kisu ni dogo. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka vita vya mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Desturi ile ile ambayo kwetu ni njia ya kulishana, kule ilikuwa njia ya kuuana. Tofauti yake ni moja tu: huku mtu huomba achinjiwe, kule watu walilazimishana.

Na sahani ikishaliwa? Mwanamke wa pwani hahitaji kufunzwa. Sahani ya jirani hairudi tupu. Itarudi na kaimati, au visheti, au mahamri na mbaazi za nazi, na kama nyumba haina kitu basi hata sukari kikombe kimoja. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji, ili apate wa kuwapelekea majirani. Tazama, hakumwambia azidishe nyama. Mwenye kusema "sina cha kumpa" amekwisha jibiwa.

Lakini ziko nyumba ambazo hazitaletewa sahani, na khasa hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Desemba Shimanzi hupungua watu. Mwenye nauli hupanda basi au treni ya Miritini akaenda kwao bara kula sikukuu na wazee wake. Na nauli za mabasi, kama tujuavyo sote, hupanda wakati huo huo ambao maskini anataka kusafiri. Wanaobaki ni nani? Ni mlinzi wa ghala, ni taniboi wa lori, ni kibarua wa kutwa, ni mfanyakazi wa zamu, kwani meli haijui Krismasi na mafuta hayangoji. Mtu huyo hupitisha siku yake kubwa juu ya kitanda, katika chumba kimoja, akisikiliza redio. Hana mbuzi wa kumletea mzee amchinjie. Wengi wetu tunakaa naye ua mmoja mwaka mzima na tunamjua kwa jina la kazi yake tu, "askari" au "makanika". Huyu ndiye wa kualikwa. Mwenye mbuzi wake ana jamaa waliomzunguka.

Kumwalika kuna adabu zake. Usimwite siku yenyewe saa sita mchana kama mtu aliyekumbukwa baada ya sufuria kubaki na ukoko. Mwambie tangu wiki ya kabla, "Siku ya Krismasi utakula kwetu," ili naye apate kufua shati lake. Nyumba zetu za Shimanzi hazina baraza wala ukumbi. Chumba ni hicho hicho cha kulala na cha kupokelea. Basi tandika jamvi uani kwa wanaume, na kina mama wakae ndani na kina mama wenzao. Fukiza udi mapema, usingoje ameketi, asije akadhani unamfukuzia harufu yake. Wakati wa sala ukifika, mwambie, "Nipe dakika chache niswali," uswali zako, urudi. Hilo halitamwudhi. La kumwudhi ni kumwacha peke yake nusu saa nzima bila ya neno. Na kama amekuja na chupa yake ya pombe, mwambie hapo hapo mlangoni, kwa upole na bila ya hotuba, kwamba nyumba hii hainyweki. Atakuelewa. Ameishi Mombasa muda wa kutosha.

Naona heri cha kwanza kuwekwa mbele yake kiwe tende. Katika Surat Maryam, Bibi Maryam alishikwa na uchungu peke yake, akaegemea shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu. Katika Injili ya Luka, mama huyo huyo anakosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mtoto analazwa horini. Itikadi zetu juu ya mtoto yule zimeachana mbali, wala sisemi tuzifiche. Lakini katika visa vyote viwili yuko mama asiye na mlango wa kumpokea. Mkimwekea mgeni wenu tende, na mtoto akauliza kwa nini, mnacho cha kuwasimulia wote wawili.

Mtoto mwenyewe ndiye mwenye kutoa siri ya nyumba. Ukizoea ndani kumwita jirani "kafiri" au "mbara" kwa dharau, ukasema wamekuja kutujazia mji na kutunyang'anya kazi, mwanao atayasema hayo siku ya mgeni, mbele ya pilau. Maneno hayo hayaishii kwenye aibu. Agosti 1997, hapo Likoni ng'ambo ya feri, watu wa bara waliuawa na kuchomewa nyumba, na maelfu wakakimbia. Machi 2014, hapo hapo Likoni, waumini walipigwa risasi ndani ya kanisa wakiwa katika ibada ya Jumapili. Nayo misikiti yetu, katika miaka hiyo hiyo, iliingiwa na askari. Kila upande una jeraha lake la kuonyesha. Kupika ni kazi ya saa tatu. Kuusafisha ulimi wa nyumbani yataka kuanza tangu Mfungo Mosi.

Desemba 2015 inastahili kukumbukwa kila mwaka. Krismasi ya mwaka ule ilifuata Maulidi kwa siku moja au mbili tu. Katika wiki hiyo, tarehe 21, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wametengwa na kuuawa katika basi jingine la Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na wale wauaji wakaambiwa wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Waliokuwa ndani ya basi lile hawakupata wasaa wa kwenda kuuliza fatwa. Walichokuwa nacho ni kile walichokuwa wamekilea majumbani mwao zamani.

Kalenda nayo itatujaribu. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani, na ile ya 2000 ilikuwa siku mbili tatu kabla ya Idi. Waliokuwapo watakumbuka majirani waliofunika masinia yao mchana kutwa, wakangoja adhana ya Magharibi ndipo walipobisha hodi. Kwa hisabu ya mwezi, jambo hilo litarudi Krismasi za 2031 na 2032, inshallah. Mgeni wa Krismasi atatukuta na saumu, na mpishi itabidi apike mchana chakula ambacho yeye mwenyewe hatakionja.

Kwa mwaka huu hatuna udhuru huo. Mlinzi wa zamu ya usiku huondoka nyumbani jioni. Mwenye kutaka pilau imkute chumbani mwake na ingali moto, aipakue kabla ya Alasiri.