Kazi ya 'kukaa na mama' haina kukaa

Chukua mfano wa mwanamke mmoja wa Biharamulo mjini. Miaka ya nyuma alikuwa dada wa kazi Mwanza. Aliporudi nyumbani akazaa, akafungua genge la nyanya na vitunguu karibu na stendi, na simu yake ikawa ofisi ya pili. Ofisi yenyewe iko Mwanza. Ni ya watu wanaowatafutia wenye nyumba wafanyakazi, na yeye ndiye mkono wao huku Biharamulo na Ngara. Hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa kichwa: binti akifika na kukaa, pesa inaingia kwenye simu. Akitoroka kabla ya miezi mitatu, ofisi inadai mwingine wa bure.

Zamani simu nyingi zilikuwa za kutafuta dada wa kulea mtoto. Siku hizi zimebadilika. Mtu wa Nyegezi au Buswelu anapiga na kusema, "Dada, nitafutie binti mpole, mtulivu, wa kukaa na mama."

Kukaa na mama. Ni maneno matatu tu, lakini ndani yake kuna kazi nzima ambayo haikutajwa.

Simu hizo zina sababu. Vijana wa Ngara na Biharamulo wametawanyika Mwanza, Geita, Kahama na Dar es Salaam kutafuta maisha. Mama akiugua kijijini, mtoto anamchukua ili awe karibu na Hospitali ya Bugando. Mama anafika mjini kwenye nyumba ambayo baba na mama wanatoka saa 12 asubuhi na watoto wanakwenda shule. Kijijini angekuwa na jirani wa kumchungulia, shangazi wa kumletea uji na wajukuu wa kumwita. Mjini ana televisheni na ukuta.

Tena bibi huyu si bibi wa kawaida. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikogundulika mwaka 1983, na miaka iliyofuata mabibi wengi wa mkoa huu walizika watoto wao kisha wakaanza kulea upya. Hapo jirani na Biharamulo, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi, kwa sababu wengi wao walikuwa wakilea wajukuu yatima bila kipato. Wajukuu wale leo ni watu wazima, wana kazi na nyumba mjini. Sasa zamu imegeuka. Aliyelea analelewa, na mlezi anatafutwa kwa simu.

Yule mwanamke wa genge anajua jinsi simu hizo zinavyokwenda. Mwenye nyumba hasemi kila kitu, akiogopa binti atakataa. Hasemi kwamba mama amepooza upande mmoja tangu apate kiharusi, au kwamba usiku anaamka na kutafuta mlango akisema anakwenda shamba. Anasema, "Mama ni mzee tu, hana shida." Binti naye hasemi kila kitu, akiogopa kukosa nafasi. Ana miaka 16 na anasema 18. Hajawahi kumwogesha mtu mzima na anasema ameshamuuguza bibi yake. Katikati yupo dalali, ambaye malipo yake yanatoka safari ikifanyika, siyo safari ikiahirishwa. Kila mmoja amepunguza ukweli kidogo. Mzee wa kitandani ndiye anayelipia upungufu wote.

Katika mfano wetu, binti alitoka Rulenge, wilayani Ngara. Alikuwa na miaka 19 kweli, amemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Mama yake alimsindikiza hadi Biharamulo, akamkabidhi kwa mwanamke wa genge kama mtu anavyokabidhi kuku wa mbegu. "Mwanangu, huyu ni wako sasa," alimwambia. "Usiniangushe." Basi likaondoka kuelekea Geita, likapita daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na jioni binti alikuwa Mwanza.

Wiki ya kwanza alituma ujumbe kwamba amefika salama na bibi ni mpole. Wiki ya tatu akapiga saa 5 usiku, akinong'ona kutoka chooni. Kazi haikuwa ya bibi peke yake. Alikuwa anapikia watu sita, anafua, anawaandaa watoto wawili wa shule, na katikati ya hayo anambeba bibi, anambadilisha pampasi, anamlisha uji. Usiku analala chini kwenye chumba cha bibi, na bibi anaamka mara nne. Hakuwa na siku ya kupumzika. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumnyanyua, na mgongo ulikuwa unamuuma.

Mwanamke wa genge alipiga ofisi ya Mwanza. Akajibiwa, "Mwambie avumilie, bado miezi miwili." Naye akamwambia binti avumilie. Alikuwa ameshaitumia pesa yake kununulia mtaji wa nyanya.

Wiki ya saba mtoto wa bibi aligundua kidonda juu kidogo ya makalio ya mama yake, kimeshachimbika. Nyumba ikalipuka. Binti akaitwa mzembe, akaitwa mkatili, akatolewa siku hiyohiyo. Mshahara wa mwezi wa pili ulizuiwa "kufidia matibabu". Alipewa nauli tu.

Hapa inafaa mzazi atulie kidogo, kwa sababu kidonda kile kina maelezo. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, mwili wake mwenyewe unabana mishipa ya damu mahali mfupa ulipo karibu na ngozi: juu ya makalio, kwenye nyonga, visigino, viwiko na mabega. Ngozi inakosa damu, inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, kisha inafunguka. Kinga yake inajulikana: kumgeuza takriban kila baada ya saa mbili, kumweka mkavu, kunyoosha mashuka yasiwe na mikunjo, kumkagua kila siku na kumlisha chakula chenye nguvu. Kila baada ya saa mbili maana yake ni usiku na mchana. Binti mmoja anayepikia watu sita hawezi. Hata muuguzi mwenye cheti angeshindwa. Kidonda kile kilianzia kwenye hesabu ya kazi, na hesabu hiyo haikupigwa na binti.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Asipoyaelewa, mwajiri amfafanulie. Na shauri likifika mbele, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka Sh60,000 kwa mwezi kama kiwango cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala hapohapo. Amri hizo hupitiwa upya, hivyo ni vizuri kuuliza ofisi ya kazi kiwango cha sasa. Ikumbukwe pia kwamba kile ni kiwango cha chini cha kazi za nyumbani. Kumtunza mgonjwa wa kitandani ni kazi nyingine juu yake.

Binti akidhulumiwa mshahara anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kama analalamikia kuachishwa kazi, ni siku 30. Chama cha Chodawu nacho kinawahusu wafanyakazi wa majumbani. Kuhusu umri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14, na kazi ya hatari hairuhusiwi kabla ya miaka 18. Kumnyanyua mtu mzima usiku kucha si kazi nyepesi kwa binti wa miaka 15, hata akiwa na mwili mkubwa.

Turudi stendi ya Biharamulo. Binti alishuka akiwa na mfuko mmoja. Mwanamke wa genge angeweza kumpandisha gari la Ngara na kurudi kwenye nyanya zake. Badala yake alifunga genge, akapanda naye. Njia nzima binti hakusema neno. Walipofika Rulenge jua lilikuwa linazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mgeni. "Uliniambia anakwenda kukaa na bibi."

"Ndivyo nilivyoambiwa na mimi."

"Uliuliza?"

Mgeni hakuwa na jibu. Hakuwa ameuliza. Alikuwa ameishi kwa miaka kwenye nyumba za watu, anajua kila kinachofichwa nyuma ya neno dogo, na bado hakuuliza, kwa sababu swali lingemcheleweshea pesa.

Mama hakupiga kelele. Aliwapakulia ndizi na maharage, wakala. Alichosema baadaye ni hiki: "Mwanangu amerudi akiwa na hatia ya bibi wa watu. Hiyo utamtoaje?"

Ndiyo hasara ambayo haiandikwi popote. Binti wa miaka 19 anaamini kwamba alimuumiza mzee. Alimpenda bibi yule. Walikuwa wakizungumza Kihangaza mchana nyumba ikiwa tupu, na bibi alikuwa akimwita mjukuu. Hakuruhusiwa hata kumuaga.

Kisa cha namna hii kina wazazi wa pande mbili, na kila upande una la kufanya.

Mzazi anayetafuta mtu wa kumtunza mama au baba aanze kwa kusema ukweli wote kwenye simu: anatembea au hatembei, anakula mwenyewe au analishwa, anajizuia au anavaa pampasi, anakumbuka au amepoteza kumbukumbu, usiku analala au anaamka. Atenganishe kazi ya mzee na kazi ya nyumba. Kama fedha hairuhusu watu wawili, basi wanafamilia wagawane usiku, na kaka aliyeko Dar es Salaam achangie kwa pesa kama hawezi kwa mikono. Siku dada anapofika, mwenye nyumba amwogeshe mama pamoja naye mara mbili tatu, amwonyeshe namna ya kumgeuza na kumkalisha wima wakati wa kula, maana aliyepata kiharusi hupaliwa kirahisi. Hospitalini wakati wa kuruhusiwa, muuguzi aombwe amfundishe atakayebaki na mgonjwa. Na ngozi ya mama ikaguliwe na mtoto wake mwenyewe walau kila jioni. Hilo si la kuachiwa mtu mwingine.

Mzazi anayemruhusu binti kuondoka naye aulize. Nyumba ni ya nani, iko mtaa gani, namba ya mwenye nyumba ni ipi. Azungumze na mwenye nyumba kabla ya safari, si na dalali tu. Binti abaki na simu yake na kitambulisho chake. Nauli ya kurudi iwekwe pembeni tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kijiji ajulishwe. Dalali anayedai pesa kwa binti ili ampe kazi aogopwe. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 181 wa mwaka 1997 unaweka wazi kwamba anayetafutiwa kazi hatakiwi kutozwa.

Na dalali? Yule wa Biharamulo alirudi kwenye genge lake. Hakuacha kazi ya simu, kwa kuwa ina faida na mabinti bado wanatafuta kazi. Alichofanya ni kununua daftari la shule. Sasa kila anayepiga anaulizwa maswali, na majibu yanaandikwa, na binti anasomewa yote kabla ya kukubali. Wengine wanakata simu. Ofisi ya Mwanza inalalamika kwamba amekuwa mgumu, na mwezi mwingine anapata mtu mmoja au hapati kabisa. Mshahara uliozuiwa bado anaudai kwa niaba ya binti wa Rulenge. Nusu imeshatumwa.

Asubuhi simu inaita tena kati ya mafungu ya nyanya.

"Dada, natafuta kijana mtulivu wa kukaa na baba."

"Sawa," anasema, akifungua daftari. "Baba anaweza kujigeuza mwenyewe kitandani?"