Mombasa Ina Mito, Tusidanganyane

Muulize kijana wa Changamwe mto ulio karibu naye. Atakutajia Tana au Athi, na akijitahidi sana, Nile. Mwache hautaji, na maji yake yanapita hapo nyuma ya Miritini. Tumekaririshwa kuwa Mombasa ni kisiwa, ina bahari tu. Huo ni uongo, na unatugharimu.

Hebu tufuate maji. Mwache unateremka kutoka bara kavu la Kinango, Kwale, unaingia kwenye hori la Port Reitz, unapita Dongo Kundu, kisha maji yake yanatokea Kilindini. Ukipanda feri ya Likoni, unayavuka. Upande wa pili, Kombeni unatoka Rabai, unaingia hori la Tudor na kutokea chini ya daraja la Nyali, Kisauni ikiwa ng'ambo. Mahori haya, ama kriki tunavyoziita, ni mabonde ya mito. Mito iliyachimba zamani bahari ilipokuwa chini, kisha bahari ikapanda ikayajaza. Kile kina kilichoipa Kilindini jina na bandari ni kazi ya mito midogo ya msimu.

Utasema, "Kwani jina litajaza mtungi wangu?" Sikiza basi. Ukiita kila kitu bahari, utajiambia bahari ni kubwa, itabeba. Ndivyo majitaka ya Mikindani yalivyoingia kwenye mikoko ya Tudor miaka na miaka. Ndivyo pia tulivyosahau mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilipoteremsha tope kutoka juu likafukia mizizi ya mikoko pale Mwache. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Ikizibwa, mti unakufa, na ilikufa kwa wingi. Samaki na kamba wanaokulia humo nao wakakosa kwao.

Wakubwa wanajua fika kwamba ni mto. Ndiyo maana kuna mradi wa bwawa la Mwache kule Fulugani, kwa fedha za Benki ya Dunia, ili sisi wa Mombasa tupate maji. Leo tunategemea Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, zote nje ya kaunti yetu, na mifereji ikikauka tunakimbilia mkokoteni. Kesho tutakunywa Mwache bila kuujua! Na tope lile lile lililoua mikoko ndilo litakalojaza bwawa, vilima vya Kinango vikizidi kubaki uchi. Tena bwawa likizuia maji yote, mikoko ya huku chini itaishi kwa nini? Maswali hayo si ya wahandisi peke yao.

Walimu, anzeni na Mwache na Kombeni, Tana itangoja. Mombasa, Kwale na Kilifi zikae kitako pamoja, maana mto haujui mpaka wa kaunti. Na mti unaokatwa Kinango, kijana wa Likoni na Kisauni auulizie kama wake, kwa sababu ni wake.