Taa za mbele: rekebisha mwenyewe kabla ya ukaguzi, na usisahau mzigo

Najua mmezoea hapa tuzungumze kuhusu kantangaze, mbolea na bei ya tenga. Leo naomba tuongelee taa za gari, kwa sababu nyanya haziendi sokoni zenyewe, na mizigo mingi huondoka vijijini usiku ili kukwepa jua.

Msimu wa stika za usalama barabarani ukikaribia, wenye vikirikuu, Noah na Canter hukimbilia kwa fundi. Fundi anawasha taa, anarudi nyuma hatua chache, anafumba jicho moja, anazungusha skrubu na kusema "tayari". Maoni yangu ni kwamba kazi hii unaiweza mwenyewe nyumbani, na ukiifanya kwa kipimo itakuwa nzuri kuliko ya kukadiria kwa macho. Unahitaji bisibisi ya nyota, futikamba, chaki na ukuta. Ukuta wa ghala la AMCOS unafaa kabisa, mkiomba ruhusa.

Kwanza jaza upepo kwenye matairi yote kwa kipimo chake, maana tairi moja likilegea gari zima linainama. Kisha fungua boneti utazame globu ilivyokaa. Globu ya H4, ambayo ndiyo iliyo kwenye magari yetu mengi, ina vidole vitatu vya bati, na kile kipana hukaa juu. Ikiwekwa vibaya mwanga unapotea, na hapo hata ukizungusha skrubu mpaka asubuhi hupati kitu. Nimeona magari mengi yenye "taa mbovu" ambayo shida yake ilikuwa hiyo tu. Ukiishika globu usiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono huifanya iungue mapema.

Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiutazama ukuta moja kwa moja, mahali tambarare. Kama huna uhakika na usawa wa ardhi, muite fundi ujenzi na mpira wake wa maji apime kuanzia kwenye matairi mpaka chini ya ukuta. Mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Pima kimo kutoka chini hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 70. Weka alama ya kimo hicho ukutani mbele ya kila taa, halafu chora mstari sentimita 10 chini ya alama hizo. Giza likiingia, washa dimu. Usiwashe fulu kwa kazi hii. Funika taa moja kwa kipande cha boksi, ila usikiache muda mrefu kwa sababu taa inapata joto.

Utaona mahali mwanga unapokatika na giza kuanza. Zungusha skrubu ya juu na chini mpaka mkato huo ulale kwenye mstari wako. Kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, mwanga unatakiwa kupanda kidogo upande wa kushoto, kumulika mtembea kwa miguu na baiskeli pembeni mwa barabara. Ukipanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha kulia, na hakuna skrubu itakayokusaidia. Badilisha taa.

Mpaka hapo ukaguzi hautakusumbua. Kinachonisumbua mimi ni kinachofuata baada ya stika kubandikwa.

Gari linakaguliwa likiwa tupu, lakini kazi yake ya usiku linaifanya likiwa limejaa. Chukua kirikuu yenye mita 2 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Ukiipakia matenga na nyuma ikadidimia sentimita 4 tu, pua inanyanyuka na taa zinanyanyuka nayo. Mwanga uliokuwa unashuka sentimita 10 kwa kila mita 10 sasa unapanda sentimita 10 kwa kila mita 10. Ukifika mita 50 mbele uko kwenye kimo cha sentimita 120 hivi. Hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyekaa kwenye gari dogo, na bodaboda naye haponi. Umewasha dimu, dhamiri yako safi, na mwenzako haoni kitu. Kwenye kona za kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, huyo mwenzako akipofuka kwa sekunde mbili pembeni yake ni bonde.

Baadhi ya magari ya Japani yana kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0. Namba ikipanda, taa zinashuka. Wengi wetu hatujawahi kukigusa tangu gari linunuliwe. Kijaribu ukutani gari likiwa na mzigo, ujue namba yako ni ipi.

Kama gari lako halina, pakia mzigo wako wa kawaida, rudi kwenye ukuta uleule, upime upya na uhesabu skrubu imezunguka mara ngapi mpaka mwanga urudi mahali pake. Andika hesabu hiyo ndani ya boneti. Anayesafirisha usiku na kurudi mchana gari likiwa tupu, namshauri aache taa kwenye kipimo cha mzigo. Siku ya ukaguzi, au akisafiri usiku bila mzigo, azirudishe, kwa sababu kwenye ile kirikuu ya mfano wetu mwanga ungeishia mita 23 hivi badala ya 70. Wapo watakaosema huko ni kumchezea mkaguzi. Sioni hivyo. Kipimo ni kilekile kwa hali zote mbili, kilichobadilika ni gari. Na kama nyuma inadidimia kiganja kizima, shida yako ni springi au tamaa ya matenga, uiache skrubu.

Kuna hizi globu nyeupe za LED zinazouzwa madukani kuchomekwa kwenye taa za globu ya kawaida. Zijaribu kwenye ukuta huo kabla hujazisifia. Mara nyingi utaona mwanga umetawanyika bila mkato wowote, na usipokuwepo mkato hakuna cha kurekebisha. Rudisha globu ya zamani.

Kwa fundi nenda pale skrubu inapozunguka bila taa kusogea, au rangi ya fedha ndani ya taa imebanduka. Kioo kilichofubaa kwa nje unaweza kukisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Kitang'aa kwa muda, halafu kitafubaa tena.