Panya Hawajui Mpaka wa Shamba

Ndugu zangu wa Magongo, na nyinyi wa Chaani, Mikindani na Miritini mnaolima vishamba vya nyuma ya nyumba,

Msimu uliopita nilipanda mahindi kwenye mteremko unaoshukia Port Reitz. Punje tatu kila shimo, mistari kumi na minne. Siku ya nne nikaamkia shambani. Mashimo yalikuwa yamefukuliwa moja baada ya jingine, mstari kwa mstari, kana kwamba aliyefukua alishika kamba yangu ya kupandia. Punje zilizobaki zilikuwa zimeng'olewa viini tu. Nikapanda tena, zikaliwa tena. Kufikia mara ya tatu mvua ilishakwenda zake, na mbegu ya dukani haiokotwi.

Najua sikupatwa peke yangu. Kunde, muhogo, viazi vitamu, kila mtu ana kilio chake. Lakini kila mtu anapambana kivyake, na hapo ndipo tunaposhindwa.

Anayetumaliza zaidi si yule panya wa darini. Ni panya shamba, mdogo, wa kahawia, anayeishi kwenye mashimo ya matutani na nyasi za mipakani. Jike lake lina chuchu hadi 24, hubeba mimba ya wiki tatu na kitu, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mvua ikiwa nyingi, nyasi zikatoa mbegu, naye huongezeka. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa na mafuriko ya 1961, panya walifumuka katika sehemu za kilimo za Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza panya huyu kwa miongo kadhaa. Hasara kubwa ya mahindi, wanasema, hutokea tangu siku ya kupanda mpaka mche uchomoze. Na ukiwamaliza kwako peke yako, wa jirani huhamia baada ya muda mfupi tu. Mimi nilitega, jirani yangu hakutega, na kwake kuna kichaka. Nilikuwa nawafagilia nafasi.

Basi nawaomba tufanye mweria, kama walivyosaidiana wazee wetu mashambani. Kabla ya masika, tufyeke vichaka na mipaka yote kwa pamoja, hata viwanja vitupu ambavyo wenyewe hawapo. Wazee wa mtaa watusaidie kuwatafuta. Tutege wiki moja, sote. Tupande siku zinazokaribiana, maana anayetangulia peke yake ndiye anayewalisha wote.

Mtego ni rahisi. Fukia ndoo mpaka shingoni, tia maji nusu, pitisha waya juu yake, na katikati ya waya uvike chupa tupu iliyopakwa siagi ya karanga. Panya akikanyaga chupa, inazunguka, anatumbukia. Funika mchana, watoto wasiingie. Panya waliokufa msiwashike kwa mikono mitupu. Vaeni glavu, wafukieni chini sana.

Kuhusu sumu nasema waziwazi: zile pakiti zisizo na jina zinazouzwa vichochoroni tuachane nazo. Kwetu ziliua paka wawili na kuku wa mama mmoja aliyekuwa akitegemea mayai yao. Paka aliyekufa hatakamata panya tena, na mtoto anayetambaa hajui chambo ni nini. Anayeona lazima atumie sumu, amwendee afisa wa kilimo kwanza.

Na bundi, jamani. Bundi akitua juu ya mnazi tunamrushia mawe, tunasema analeta msiba. Chakula chake ni panya, usiku kucha, bila malipo. Mwacheni.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa moja asubuhi, tuanzie mteremko wa Port Reitz tupande kuelekea barabarani. Mwenye panga aje na panga, mwenye reki aje na reki. Akina mama walioniambia wamekata tamaa ya kupanda kunde, nawasubiri nyinyi hasa. Mimi nitakuja na ndoo nne na waya wa kutosha mashamba kumi.