Gitaa Lako Limeguswa na Nani?



Leo sianzi na mahubiri. Naanza na toba yangu, kisha nitasema neno kwa wanamuziki wetu. Na wewe usiyejua kushika hata uzi mmoja usiondoke, kwa sababu neno hili lina sehemu yako.

Wiki chache zilizopita, Jumamosi jioni, kile kikundi chetu cha WhatsApp cha wanamuziki wa makanisa ya kuanzia Mlolongo hadi hapa Athi River kiliwaka. Mmoja aliweka picha ya gitaa lake. Mwingine akamjibu kwa lake. Kufikia saa tatu usiku hakuna aliyekuwa akizungumzia nyimbo za Jumapili tena. Yalikuwa yale magitaa ya umeme yenye tumbo lililo wazi ndani, yenye matundu mawili yaliyochongwa kama herufi f. Moja jekundu kama tunda la kahawa lililoiva. Moja halina rangi yoyote, ni mbao na vanishi tu, unaona mishipa ya mti. Moja la rangi ya machungwa. Na moja lilikuwa la njano ya asali katikati, likikolea hudhurungi hadi nyeusi pembeni, kama jua linavyozama nyuma ya milima ya Ngong tukilitazama kutoka huku kwetu.

Hilo la mwisho lilikuwa la kijana wetu wa timu ya sifa. Watu walimwagia sifa mpaka nikaudhika. Nikaandika: "Tangu lini tunaabudu mbao?" Kisha Jumapili nikalibeba jambo hilo hadi mimbarini. Sikutaja jina. Lakini nyinyi mnajua kanisa letu si kubwa. Ukisema "kuna mtu hapa," kila shingo inajua pa kugeukia.

Jumapili iliyofuata hakuja. Stendi ya gitaa ilisimama peke yake, na sifa tukaimba kwa kinanda.

Tukirudi nyumbani, Mama Pasta aliniuliza swali moja tu: "Baba, kabla ya kuhubiri, ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Basi nikaenda kwake, kwenye ploti anakopanga chumba kimoja. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wake, limefunikwa shuka juu, kwa sababu sisi wa Athi River tunajua vumbi letu. Ukifuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Akanieleza. Gitaa ni la mtumba, shilingi 38,000. Alishona nguo zamu ya usiku katika kiwanda kimoja hapa EPZ, akaweka kidogo kidogo kwenye chama kwa miaka miwili. Pesa zilipopungua, mama yake kule Mwala aliuza mbuzi akamtumia. Mama huyo alikuwa hajaliona gitaa lenyewe. Ile picha kijana aliipiga kwa ajili yake, akaituma kwake kwanza, ndipo akaiweka kwenye kikundi kwa furaha.

Halafu akainamisha kichwa, akasema polepole: "Pasta, samahani kama ninakosea. Mwezi wa nne uliweka picha ya gari lako, umeegemea mlango. Sisi sote tuliandika Amina."

Mpendwa, nilikosa la kusema. Gari langu niliita ushuhuda. Gitaa lake nikaita sanamu. Jumapili iliyofuata nilimwomba msamaha mahali pale pale nilipomwaibisha, mbele ya watu wote, na leo narudia hapa ili hata wale ambao hawakuwepo wajue.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu toba yangu haimaanishi kwamba kujionyesha kumekuwa jambo jema. Maana yake ni kwamba nilipiga mahali pasipostahili.

Uzuri si dhambi. Soma Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na kazi aliyojaziwa ilikuwa ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, kukata mawe na kuchonga mbao. Mungu aliyejali mapambo ya hema hawezi kuchukia vanishi iliyopakwa vizuri. Mtu aliyekaa siku nyingi akipaka tabaka juu ya tabaka, akisugua, akipaka tena, amefanya kazi ya heshima. Na nikuambie, wauzaji wanajua nguvu ya kuonyesha. Kampuni ya Gretsch ya Marekani ilipotengeneza gitaa lake la White Falcon, jeupe lenye mapambo ya dhahabu, lilipelekwa kwanza kwenye maonyesho mwaka 1954 ili watu washangae. Walishangaa, wakalitaka, likaanza kuuzwa. Yule anauza; kuonyesha ndiyo kazi yake. Swali ni langu na lako: sisi tunauza nini?

Hapa namkumbuka Mfalme Hezekia. Soma 2 Wafalme 20. Alikuwa mgonjwa wa kufa, akalia mbele za Mungu, akaongezewa miaka 15. Wageni wakatoka Babeli kwa sababu walisikia habari za ugonjwa wake, na kitabu cha Nyakati kinaongeza kwamba walitaka kujua juu ya ile ajabu iliyotendeka. Walikuja kwa ajili ya ushuhuda! Na Hezekia akawaonyesha nini? Fedha, dhahabu, manukato, silaha, kila kitu katika ghala zake. Isaya alipokuja kumuuliza wameona nini, jibu lilikuwa kwamba wameona vyote. Lakini wageni walirudi kwao wakijua mali yake kuliko wanavyomjua Mungu wake.

Huo ndio mpaka, mpendwa. Kosa la Hezekia halikuwa kuwa na dhahabu. Alikuwa na la kusimulia, akaonyesha vitu badala yake. Kijana wetu alikuwa na miaka miwili ya zamu za usiku na mbuzi wa mama yake. Laiti angeandika hayo chini ya ile picha, kikundi kizima kingemsifu Mungu. Na laiti mimi ningeuliza, ningeyajua.

Nilipokuwa kwake nilimwomba anifundishe kuhusu gitaa lenyewe, maana nilikuwa nimelihukumu bila kulijua. Akalitoa, akalipiga bila kuliunganisha na umeme. Lilisikika, kwa sauti ya chini, tamu. Akaniambia ni kwa sababu ndani ni patupu, mbao nyembamba ya juu inatikisika pamoja na nyuzi. Magitaa ya aina hii yana umri mkubwa. Gibson walitoa ES-150 mwaka 1936, na wapigaji wakapata kusikika mbele ya bendi nzima. Lakini shida ikaja. Ukiongeza sauti sana na kusimama karibu na spika, gitaa linasikia sauti yake lenyewe. Sauti ya spika inatikisa tumbo lake, tumbo linatikisa nyuzi, sumaku zinaipeleka tena kwenye spika, inarudi kubwa zaidi, na inazunguka hivyo mpaka linapiga yowe. Mmelisikia yowe hilo kanisani kwetu, mkaziba masikio, mkamlaumu fundi wa mitambo bure.

Nilipotoka pale nilitembea nikiwaza neno hilo. Gitaa linalosikia sifa zake lenyewe na kuziitikia! Si ndivyo tunavyofanya kwenye simu? Unaweka picha, unasifiwa, sifa zinakutikisa, unaweka nyingine, unasubiri, unahesabu waliopenda, unakasirika wakipungua. Mwishowe ni yowe tu, na wimbo haupo tena. Nami pasta ninayeandika hapa nimo humo. Siku zingine nimehubiri nikiwa nahesabu Amina.

Dawa ni nini? Mafundi walipata dawa kadhaa. Ya kwanza ni kusogea mbali na spika. Ya pili ni kupunguza sauti. Ya tatu, mwaka 1958 Gibson walitoa ES-335, ambalo lina utupu pande mbili, lakini katikati limewekwa gogo la mbao ngumu kutoka shingo hadi chini. Kwa hiyo pembeni linabaki laini, na katikati linasimama imara. Mpendwa, mimi sikuombi uwe mgumu kote, usiyefurahia kitu. Uwe na kitu kigumu katikati. Uwe na jambo moja ambalo sifa za watu haziwezi kulitikisa.

Kuna mtu aliyeyafanya magitaa haya yajulikane duniani kote, B.B. King wa Marekani, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925. Alipiga muziki wa dunia, najua, msinikasirikie. Lakini tazama alikoanzia. Akiwa mtoto maskini alivutwa na muziki wa kanisa la Kipentekoste, Church of God in Christ. Mchungaji wa pale aliongoza sifa kwa gitaa la Silvertone, gitaa la bei nafuu lililouzwa na Sears, duka la kuagiza kwa katalogi. Mchungaji huyo alimfundisha yule mtoto kodi tatu za kwanza. Kodi za gitaa, jamani, si hizi tunazolia nazo kila bajeti. Kodi tatu tu!

Alipokua, mwaka 1949, alikuwa akipiga katika ukumbi wa Twist, Arkansas. Ukumbi ulipashwa joto kwa pipa lenye mafuta ya taa. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, moto ukashika. King alitoka salama, kisha akakumbuka gitaa lake na kurudi ndani ya moto kulichukua. Aliponea chupuchupu. Baadaye akaambiwa wale wawili walikuwa wakigombania mwanamke aitwaye Lucille, na akayaita magitaa yake yote Lucille ili asisahau ujinga ule. Mwaka 1980 Gibson walipotoa gitaa lenye jina hilo, walilitengeneza bila yale matundu ya herufi f, ili yowe lipungue.

Mimi huwaza juu ya magitaa mawili katika habari hiyo. Moja nusura limwue mwenyewe. Lingine, la mchungaji ambaye dunia haimjui, mtoto alilishika, na ulimwengu mzima ukasikia. Hakuna anayeuliza kama lile la mchungaji vanishi yake iling'aa.

Hata hapa kwetu Ukambani, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walipigwa redioni miaka ya 1970 na 1980 mpaka kila boma likawajua. Waulize wazee wakuimbie, watakuimbia wakicheka. Waulize rangi ya gitaa, watakutazama tu.

Kwa hiyo nasema hivi kama mchungaji wenu.

Wewe mwenye gitaa zuri, piga picha. Mshukuru Mungu. Andika chini yake lilivyokugharimu, na nani alikusaidia. Lakini jiulize: tangu nilinunue, limeguswa na nani mwingine? Katika shule yetu ya Jumapili kuna watoto 11 wanaotaka kujifunza, na gitaa lao ni moja, lina nyuzi nne. Kwenye kile kikundi nilihesabu magitaa saba yanayong'aa. Saba kwa picha, moja kwa watoto. Hapo ndipo ninapoumia, wala si kwenye rangi.

Wewe ambaye huna, usiende kuchukua mkopo wa simu ili picha yako isipungue mbele ya za wenzako. Riba haiimbi.

Na wewe uliye kama mimi, mwepesi wa kukemea: kauliza kwanza. Kiti na kikombe cha chai vinaweza kukuokoa na mahubiri yatakayokuaibisha.

Kijana wetu amerudi. Siku hizi Jumamosi saa tisa anakaa nyuma ya kanisa na watoto watatu, wanalipokezana lile la rangi ya machweo. Juzi mtoto mmoja alilikumbatia vibaya, zipu ya jaketi yake ikakwaruza mgongo wa gitaa, mstari mrefu kama kidole. Nilikuwa mlangoni, nikaona. Kijana aliutazama ule mkwaruzo. Akanyamaza kidogo, akameza mate. Kisha akamshika yule mtoto kidole, akakirudisha kwenye uzi, akamwambia, "Hapa. Bonyeza."

Jumamosi hii saa tisa, njoo na gitaa lako. Kama huna gitaa, njoo na pakiti ya nyuzi, au mlete mtoto wako. Mimi nitakuwepo kama mwanafunzi, na nimeahidi kuiacha simu kwa Mama Pasta.

Baba, tusamehe tulipoonyesha vitu na kuficha ulivyotutendea. Tuweke imara katikati. Wabariki walioshona usiku na kuuza mbuzi ili sifa zisikike nyumbani mwako. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mtu uliyemhukumu bila kumuuliza, usiandike Amina hapa kwanza. Mpigie simu, kisha urudi uandike.