Jukwaa la Watoto Lisiwe la Wachache

Mchezo wa kuigiza shuleni si pambo la sikukuu. Ni sehemu ya elimu. Hadithi ya Abunuwasi na sufuria iliyozaa yatosha kuwa mfano. Jirani aliporudishiwa sufuria yake pamoja na nyingine ndogo, alikubali kwa furaha kuwa imezaa. Alipoambiwa baadaye kuwa imekufa, alikimbilia kwa kadhi. Mahali ni pachache, na vifaa vyapatikana jikoni.

Hata hivyo, mara nyingi wanafunzi watatu wenye kumbukumbu nzuri hupewa maneno yote, na arobaini waliobaki wakawa watazamaji. Kisha mwalimu huongeza hotuba ya mafunzo.

Hapana budi mtindo huo ukome. Usimulizi na uwe wa kundi zima. Majirani na wasikilizaji wa kesi wawe wengi. Maneno yatungwe na watoto wenyewe mazoezini. Mafunzo yamo katika hukumu: aliyekubali kuwa sufuria huzaa hawezi kukataa kuwa hufa. Mtoto aliyeitamka hukumu hiyo hahitaji kuhubiriwa juu ya tamaa.

Maofisa elimu nao wahakikishe mazoezi yana nafasi katika ratiba, yasingoje ujio wa wageni wa heshima.