Karata za Kucheka, Hela Ikae Mfukoni

Ndugu zangu wa Katoro, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na Geita mjini, nina ombi kuhusu Jumamosi zetu jioni. Kusanyeni familia, wapangaji na majirani, mcheze karata. Ila kabla ya kuzichanga, tuelewane ni mchezo gani.

Huku kwetu karata zina sifa mbaya, na sababu tunazijua. Kijana anashinda kwenye karasha la mawe ya dhahabu wiki nzima, kisha jamaa wa karata tatu wanamkausha kwa nusu saa. Asipokutana nao, dubwi linameza kilichobaki. Ndiyo maana mzazi akiona pakiti ya karata mezani anaona kamari. Naomba tuzirudishe nyumbani, zichezwe mbele ya watoto, bila shilingi.

Arobaini ni mchezo mzuri. Lasti kadi nao unanoga, hasa mtu anaposahau kutangaza karata yake ya mwisho na meza nzima ikamrukia. Lakini bibi, shemeji na mpangaji aliyefika juzi hubaki watazamaji. Mimi napendekeza aina ya mchezo uliopata umaarufu Marekani baada ya Apples to Apples kutoka mwaka 1999. Hakimu anafunua karata yenye neno, wengine wanatupa karata zao za majibu kifudifudi, naye anazisoma zote kwa sauti na kuchagua inayompendeza. Kisha uhakimu unahamia kwa anayefuata. Huhitaji kujua kopa wala shupaza. Ukijua kucheka unatosha.

Na Usukuma una mizizi ya mchezo huu. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19, hushindana baada ya mavuno. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo wachezaji hubuni vituko, wengine hata kucheza na chatu, ili umati uhame upande wa pili. Anayependeza watu ndiye anayeshinda: tunachokosa ni kuileta kanuni hiyo mezani.

Pakiti za nje tuziache. Cards Against Humanity, iliyotoka mwaka 2011, inachekesha kwa matusi, na hata ungeitafsiri usingeweza kuisoma mbele ya mama mkwe. Tutengeneze zetu. Manila mbili, mkasi na kalamu nene vinatosha. Upande wa maswali andikeni sentensi zenye pengo: “Mjomba alipouza dhahabu yake, kitu cha kwanza alichonunua ni…” au “Mkwe amekuja na zawadi ya…” Upande wa majibu wekeni vitu tunavyoishi navyo: gunia la michembe, jogoo wa jirani, baiskeli isiyo na mnyororo, mtumbwi wa kuvukia dimbwi. Watoto waandike pia. Majibu yao huwa ndiyo yanayowamaliza watu mbavu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Pasiwe na karata ya duara la machimbo kuporomoka. Mezani anaweza kuwapo mtu ambaye kaka yake hakutoka. Pasiwe na karata ya ualbino, wala ya bibi mwenye macho mekundu. Katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na wazee wetu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wakati macho yao yamekula moshi wa jikoni maisha yao yote. Maneno ya aina hiyo yalianza kama mazungumzo ya kawaida tu, barazani.

Utani wa makabila unaruhusiwa, kwa masharti ya watani wenyewe: mtani anamtania anayeweza kumjibu. Dhahabu imetuletea Waha, Wakurya, Wahaya, Wajita na wengine wengi, na kila mmoja ana hadithi za kwao. Waulizeni wao wenyewe nini kinawachekesha, kisha wapeni kalamu waandike.

Anzeni Jumamosi hii na karata chache; nyingine zitaandikwa humo humo mkicheza. Na yule aliyehamia mtaani kwenu mwisho kabisa, awe hakimu wa kwanza.